Panga, Kisu Kikubwa na Hatua Kumi

Wajukuu zangu, na ninyi wengine mnaonunua vifaa vya porini kwa kutazama picha, kaeni kidogo. Wiki iliyopita mjukuu wangu Odile, anayesoma jiolojia hapa Lubumbashi, alikuja kwangu Kamalondo na simu mkononi. Wanafunzi wa mwaka wake wanapelekwa upande wa Mitwaba, mwezi mzima porini, na kila mmoja ameambiwa aje na chombo cha kukatia. Shingoni alikuwa ameshavaa busole ya chuo, ndiyo dira, kwa sababu simu huko zinazima na walimu wao hawataki visingizio. Akanionyesha picha ya kisu kikubwa cheusi, kirefu kama mkono wangu toka kwenye kiwiko, mgongo wake una meno ya msumeno na mpini una tundu la kuwekea viberiti. Akaniuliza: "Kambo, nikamate hii, ao nikamate tu panga ya pa soko?"

Kambo ndiyo babu kwetu. Na kambo huyu alikata pori la Katanga kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo swali la dakika moja lilijibiwa kuanzia baada ya chakula mpaka kuku walipoanza kurudi bandani. Odile alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia niandike, maana wenzake nao wanauliza. Basi naandika. Mkichoka, mlaumuni yeye.

Kazi yangu ilikuwa kupasua mistari. Watu wa jiolojia wanataka kutembea porini wakiokota udongo na mawe kila baada ya hatua kadhaa, kwa mstari ulionyooka, na wa kuwafungulia huo mstari tulikuwa sisi. Kichuguu kikiwa mbele, na kwetu kichuguu kinaweza kupita paa la nyumba, hukizunguki, unakipanda. Tulikuwa watano. Wa busole anasimama kwenye ufito wa mwisho, anasoma, anachagua mti ulio mbele. Wawili wenye mapanga wanampita na kukata mpaka kwenye mti ule. Wa nne anasimika fito, wa tano anavuta kamba ya kupimia. Kanuni moja ilikuwa juu ya zote: wa busole akisoma, mapanga yote yanakaa hatua kumi nyuma. Sindano ya dira ikiona chuma karibu, inageuza shingo.

Kiongozi wetu alikuwa baba Numbi, mtu wa Mitwaba, mfupi, mwenye miguu ya kupinda kidogo, aliyefanya ishara ya msalaba kabla ya kukata mti wa kwanza wa siku na kuanza kuutania mti huo mara tu baada ya amina. Nilipofika kwake nilikuwa kijana wa mjini, mtoto wa mfanyakazi wa reli, sijawahi kushika panga ila kwa kufyeka majani mbele ya nyumba. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono nipokee panga kutoka kwake. Hakunipa. Aliliweka chini, akarudi nyuma hatua moja, akaningoja. Nilidhani ananidharau. Kumbe ndiyo desturi ya kikosi: panga halitoki mkono kwenda mkono, kwa sababu mikono ya porini ina jasho au umande, na mmoja akidhani mwenzake ameshalishika na mwenzake akidhani bado, chuma kinashukia vidole vya miguu. Linawekwa chini, anayelitaka anainama. Hata injinia, mkubwa wetu sote, akilitaka, aliinama.

Panga la kununua msilitazame rangi. Ligongeni kwa ukucha mlisikilize: chuma kizuri kinalia kwa muda, kibaya kinasema neno moja na kunyamaza. Kisha lipindeni juu ya goti, polepole, mliachie. Likirudi limenyooka, endeleeni. Likibaki na kibyongo, lirudisheni mezani mwende zenu bila ugomvi. Mwisho hesabuni riveti za mpini. Ziwe tatu. Mimi nilisahau hili la mwisho mara moja, nikanunua panga lenye riveti mbili na mpini mwekundu wa kupendeza. Saa ya chakula nilikuwa nakata kuni pembeni ya jiko la kambi, mpini ukabaki mkononi, bapa likaruka juu ya kichwa cha mpishi na kutua ndani ya sufuria ya bukari, ndiyo ugali wetu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Baba Numbi akasogea, akachungulia sufuria kwa utulivu, akasema, "Bon. Leo bukari iko na mufupa." Kwa miezi miwili kila nilipopita wenzangu walifunika sahani zao.

Kukata nako kuna adabu yake. Mti mdogo huupigi kwa usawa, unaupiga kwa mshazari, na mkono usio na panga unauinamisha mti mbali nawe ili nyuzi zake zivutike. Kata chini kabisa, halafu toa pigo la pili la kulaza kisiki. Kisiki chenye ncha kinamngoja anayekuja nyuma yako na mzigo begani, naye haoni chini. Mguu wa upande wa mkono ulioshika mti uwe nyuma. Wangu ulikuwa mbele Jumatatu moja, na alama iko hapa kwenye muundi, Odile ameigusa. Miti mikubwa hatukuikata, tuliitia alama tu kwenye ganda. Na mkikutana na mti mgumu wa mubanga, hata ule mwembamba, muusalimie mpite. Ukiupiga, panga linarudi na habari mpaka begani.

Asubuhi, kabla ya chai, kila mtu na tupa yake. Panga linatiwa tupa kwa mwelekeo mmoja tu, toka kwenye mpini kwenda kwenye ncha, na unaishia pale ukucha unapokwama kwenye makali. Ukilinoa mpaka linyoe ndevu, umeharibu. Makali membamba yanavunjika kwenye mti mkavu. Siku hizi naona watu wanapita na mashine za kunguruma, nazo ni nzuri sana mpaka mafuta yaishe.

Sasa kisu. Sisemi kisu kikubwa ni kibaya. Kubandua ganda la mti wa muputu la kutengenezea kamba, kupasua kuni kwa kukigonga mgongo na gogo, kuchinja, kumenya, kuchonga vigingi: hapo kisu kinalishinda panga. Lakini kisu hakina uzito mbele. Panga linakwenda lenyewe kwa uzito wa kichwa chake, wewe unaliongoza tu, wakati kisu unakisukuma kwa bega kila pigo. Saa nne asubuhi bega limekwisha, na pori bado liko palepale. Hayo yangetosha kumjibu Odile. Ila nilikuwa na sababu nyingine, ambayo nyumbani sikuwahi kuisimulia, maana haina sifa ndani yake.

Baba Numbi alipokaribia kustaafu, alianza kunifundisha busole. Ilijulikana wazi kwamba mwisho wa kiangazi injinia angechagua: ama mimi nishike kikosi, ama aletwe mtu kutoka mjini na mimi nirudi kwenye mapanga. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, kumpita hata mke wangu, na mke wangu akisoma hapa atajua natania. Wa busole hakati. Mikono yake ni mitupu. Nami niliona haifai kiongozi awe hivyo, hana hata chuma kidogo kiunoni, utadhani amekuja kutembelea ndugu.

Basi nilipopata mapumziko nikaenda hapa hapa Kamalondo kwa fundi wa redio aliyeuza pia vitu vya hapa na pale. Visu vyake vilikuwa vimenata ukutani kwenye sumaku za spika kuukuu, vimepangwa kwa ukubwa. Nikapenda kile cha juu kabisa, chenye ala ya ngozi na mkaba mpana, ndiyo mkanda wa kiunoni. Nikamuuliza kama ni chuma kweli. Akacheka, akanipeleka mlango wa pili kwa fundi cherehani, akakishusha kisu juu ya kopo la sindano. Sindano nyingi zikaning'inia kwenye ncha. "Ona, baba," akasema. "Chuma ya kweli njo inakamataka hivi." Fundi cherehani akazitaka sindano zake zirudi zote. Mimi nikaondoka kichwa juu. Ninyi mliosoma shule mmeshajua kitakachofuata, lakini mimi sikujua.

Mstari wa mtihani wangu ulianza kwenye jiwe la saruji juu ya mwinuko na ulipaswa kufika kwenye jiwe la pili, kilomita nne upande wa mashariki, ukingoni mwa dembo, ule uwanda wa majani wenye maji chini yake. Kambi ilihamishiwa huko: mpishi, mapipa ya maji, injinia mwenyewe. Tulikuwa na siku tatu za kukata. Kila nilipofika kwenye ufito nilisimama wima, busole kifuani, na kisu changu kipya kimelala mbele ya tumbo. Mapanga yote hatua kumi nyuma. Nilikuwa mkali kwa hilo; mkataji mmoja alipokaribia hatua nane nilimfokea mbele za watu. Kisu hakikuhesabiwa. Nilikiona ni nguo kama nguo nyingine.

Siku ya pili baba Numbi, aliyekuwa anatufuata nyuma bila kuingilia, alinijia akisema kwamba kile kilima cha mbele, kwa anavyojua yeye, kilipaswa kubaki mkono wa kushoto, na sasa tunakipanda. Nikamjibu busole haidanganyi. Alinitazama kidogo, akakubali kwa kichwa, akarudi nyuma. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini hakunisimamisha pale pale. Alisema alidhani ni macho yake yamezeeka, na aliona aibu kusema.

Siku ya tatu, mchana, tukatokea kwenye dembo. Hapakuwa na jiwe. Hapakuwa na kambi. Moshi wa jiko la mpishi ulionekana mbali upande wa kuume, na tulipoupima umbali ule baadaye zilikuwa hatua mia tatu na zaidi. Wenzangu walikata siku tatu kwa jasho lao, nami nimewaleta kwenye majani matupu. Wakaketi. Mabido, ndiyo madumu ya maji, yalikuwa yamebaki na vikombe vichache. Niliona kazi ile imeshakwenda, na kule kumfokea mwenzangu kwa hatua mbili kulizidi kuniuma.

Baba Numbi hakunigombeza. Alinizunguka polepole, akanitazama toka kofia mpaka viatu, macho yakasimama kiunoni. Akaniambia nisome busole. Nikasoma. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida: "Ule mukaba, utoshe. Wende uweke pale pa muti, urudie."

Nikavua mkaba, nikauacha chini ya mti, hatua kumi. Nikarudi nikasimama mahali palepale, nikainua busole. Sindano ilikuwa imehama. Si sana, upana wa punje mbili tatu za mtama, lakini upana huo ukiutembeza kilomita nne unafika kwenye majani matupu. Nikalikumbuka kopo la fundi cherehani, na zile spika za ukutani: kisu chenyewe kilikuwa kimegeuka sumaku. Nilipowaeleza wenzangu habari ya sindano zile na jinsi nilivyofurahi, baba Numbi alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa kofia. Wote wakacheka, hata yule niliyemfokea. Mimi sikuweza.

Halafu mmoja wa wakataji, kwa nia njema kabisa, akashauri tuseme busole ilianguka juu ya jiwe. Injinia asingejua. Busole ikianguka, hakuna wa kulaumiwa, na mimi ningebaki na nafasi yangu. Mwenzake akaunga mkono. Nawaambia kweli, wajukuu, nililipenda neno lile. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta jiwe la kulitaja. Nikamtazama baba Numbi anisaidie kuamua, naye alikuwa ameacha kucheka.

"Busole iko kwako," alisema. "Weye njo utasema."

Tukafuata ukingo wa dembo kwenda kambini. Hatua mia tatu si nyingi, lakini zile zilikuwa ndefu. Nilikuwa nimeishika busole mkononi, mkaba nimempa wa kamba aubebe nyuma kabisa. Nikaona siwezi kuisingizia. Siku tatu ilikuwa imesema kile ilichokiona, na aliyeivalia kisu ni mimi. Na tena ingetupwa, ingeagizwa nyingine, na mjinga mwingine angeweza kusimama mbele yake na mkaba kama wangu.

Injinia alikuwa mezani anakunywa chai. Nikaiweka busole mbele yake, nikasema yote, kisu, spika, mpaka sindano. Aliweka kikombe chini. Akauliza kitu kimoja: mstari, hata kama umepotea, umenyooka? Nikamjibu umenyooka, fito zote zinaonana. Akasema basi ataurekebisha kwenye ramani, udongo utachukuliwa hapo hapo ulipokatwa. Nikavuta pumzi. Kisha akamgeukia baba Numbi, akauliza lile nililoliogopa tangu dembo: je, amwite mtu kutoka mjini?

Baba Numbi alijikuna kidevu. "Injinia, ule utamuleta, bado hayakosa," alisema. "Huyu ameisha kukosa. Tutaanza tena kungojea kosa ya ule mwingine?"

Injinia akacheka kwa pua, mara moja tu, akaisukuma busole upande wangu wa meza. Nilishukuru kwa sauti ambayo sikuijua. Nilikuwa na karibu miaka arobaini, na nililia mbele ya watu wenye njaa, nao waliniheshimu wakatazama sufuria.

Kesho yake asubuhi, tukitia tupa, baba Numbi aliliweka panga lake chini mbele ya miguu yangu, lile lake mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja. Nikamkumbusha kwamba wa busole hakati. Jibu lake ndilo jibu la swali la Odile, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

"Panga, ukisimama, unaiweka chini, unajua fasi iko," alisema. "Kisu unaivaa. Kisha unaisahau."

Nikainama nikaliokota. Kisu nilimpa mpishi wa kambi, akakatia mihogo na mbuzi mpaka alipostaafu, na alikuwa akisema hajawahi kupata kizuri kama kile. Lalamiko lake lilikuwa moja, kwamba vifuniko vya makopo ya samaki vinamfuata. Kikosi nilikishika miaka kumi na minane. Baba Numbi alirudi kwao Mitwaba kulima, na mara zote mbili nilizomtembelea alinitazama kiunoni kwanza, ndipo akanisalimia. Nilikuwa na maisha mazuri porini. Nikipita sasa upande wa Karavia Jumapili, nikiona vijana wanapigana picha chini ya miti, nahesabu bila kutaka ni mapigo mangapi yangetosha kupitisha mstari.

Kwa hiyo, mnaokwenda na Odile: panga, lenye riveti tatu, na kisu kidogo cha mfukoni cha kumenyea. Kile cheusi cha kwenye picha mwachieni anayepika.

Nilipomaliza kumsimulia, niliingia ndani nikalitoa panga la baba Numbi chini ya kitanda. Tupa za asubuhi zote zile zimelila. Lilikuwa pana kama kiganja, sasa limebaki vidole viwili, na ncha imerudi nyuma. Odile akalitazama, akataka kujua kama hili bado ni panga au limekuwa kisu. Nikamwambia hata mimi sijui tena, lakini kwa kazi ya mwanafunzi, kuchonga vigingi na kufungua njia kidogo, linatosha, na ukiligonga kwa ukucha bado linalia.

Nikaliweka chini kwenye saruji ya uani, nikarudi nyuma hatua moja. Odile hakuinama. Nikadhani mchana kutwa nimesema bure. Kumbe alipeleka mikono shingoni, akaivua busole ya chuo, akaenda kuiweka kwenye dirisha la jiko, akarudi akihesabu kwa midomo mpaka kumi. Ndipo akainama, akaliokota. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo. Nilifurahi mpaka nikageukia pembeni, nikajifanya natafuta tupa, nayo ilikuwa mfukoni mwangu.